Tangazo Tulilotaka Likataliwe

Machi 4

Mvua ya kwanza ya msimu imeshuka mchana, na dari ya chumba cha mikutano ikaanza kuvuja palepale inapovujia kila mwaka. Tukaleta ndoo, kikao kikaendelea. Mama Mkurugenzi katangaza kwamba watu wa magodoro wametupa kampeni yao kubwa, mabango mji mzima pamoja na redio. Atakayewashughulikia ni Mteja Kasema.

Mchoraji alinitazama. Mimi nikatazama ndoo.

Mteja Kasema ni jina tulilompa sisi wa chumba cha ubunifu, yaani mimi ninayeandika maneno na Mchoraji anayechora. Yeye ni ofisa wa wateja. Anakaa na mteja, anasikia anachotaka, anakuja kutueleza, kisha anapeleka tulichotengeneza. Akirudi, hata mwamvuli hajauweka chini, anaanza: "Mteja kasema..." Mteja kasema nembo iwe kubwa zaidi. Mteja kasema kijani kinamkumbusha hospitali. Mwaka jana tuliandaa tangazo la rangi za nyumba ambalo nililipenda kama mwanangu wa kumzaa, likarudi limekatwakatwa hadi sikulitambua. Nikamwuliza, "Na wewe ulisema nini?" Akajibu, "Nilijaribu, dada." Basi. Mtu kajaribu, na hata tai haijalegea.

Baada ya kikao Mama Mkurugenzi alimbakiza. Kuta za ofisi hii ni mbao nyembamba, hakuna siri inayokaa humu. "Wateja wawili wametuhama wakiwa mikononi mwako," alimwambia. "Hawa wa magodoro wakiondoka, na wewe utaondoka nao." Akasema, "Nimeelewa, Mama." Akatoka, akatusalimia kama kawaida yake. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikakumbuka tangazo langu la rangi.

Machi 7

Mvua. Mchoraji kalala kwenye godoro la sampuli tangu asubuhi. Anasema anafanya utafiti.

Machi 12

Nimelipata. Jana mume wangu alirudi kazini akasema anajinyoosha dakika tano tu. Nilipoingia chumbani nikamkuta anakoroma, mkoba kifuani, kiatu kimoja mguuni. Nilisimama pale mlangoni nacheka peke yangu. Leo nimeandika: "Ulisema dakika tano."

Mchoraji kachora mtu huyo huyo, na kiatu chake kimoja. Picha ni nzuri mno. Unamwangalia yule mtu na wewe unapiga miayo. Godoro lenyewe linaonekana pembe tu, na hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma, maana namjua Mteja Kasema. Atarudi na kusema mteja kauliza godoro liko wapi.

Machi 14

Chumba chetu kina desturi moja ambayo hakuna anayefundishwa, mtu huirithi tu. Mteja hupelekewa mawazo matatu. La kwanza ni la usalama: familia inatabasamu juu ya godoro, hakuna wa kulipenda wala wa kulichukia. La pili ndilo letu. La tatu tunaliita kafara, limetengenezwa ili likataliwe. Mteja naye ni binadamu, lazima akatae kitu ndipo ajione amefanya kazi. Unampa cha kukataa, akishakata kiu yake analichukua lako kwa roho safi.

Leo tumetengeneza kafara. Mchoraji kamchora mama mkwe aliyekuja kutembea, na kibegi chake kichwani kama mto, kalazwa kwenye mkeka sakafuni. Juu yake mkwewe kajitandaza kwenye godoro jipya, anatabasamu. Maneno ni yangu: "Godoro hili? Hata mama mkwe simpi." Ni utovu wa adabu mtupu, hakuna mteja mwenye akili timamu atakayeligusa. Mchoraji akamwongezea bibi wa watu jicho moja la kuchungulia juu. Tulicheka hadi nikashika meza.

Mteja Kasema akabisha hodi. "Mnacheka nini, na mimi nicheke?"

Mchoraji akageuza karatasi. "Kazi tu, kaka."

Akabaki mlangoni na tabasamu lake, anasubiri. Hakuna aliyemkaribisha. Akasema basi, atapita baadaye.

Nilimwuliza Mchoraji kama tumwambie lipi ni lipi. Maofisa waliomtangulia tuliwaambia. Akakataa. "Huyu ukimwonyesha lipi tunalitaka, ndilo atakaloliondoa kwanza ili mteja asinune. Asijue. Ayapeleke yote kwa uzito mmoja." Niliona ni sawa.

Machi 19

Usiku kucha mvua, na asubuhi barabara ya bondeni imefunikwa na maji. Kampeni kubwa kama hii, siku ya kwanza huwa tunaiwasilisha wenyewe, ofisa akabaki na marekebisho. Mimi naongea, Mchoraji anashika michoro, ofisa anakaa karibu na mteja anatikisa kichwa. Leo hatukuweza kuvuka. Mteja Kasema anaishi ng'ambo ya pili, jirani na kiwanda cha magodoro, na michoro ilikuwa kwenye gari lake tangu jana.

Alinipigia. "Dada, nimefika. Mkuu wao wa mauzo hataki kuahirisha, nitaingia mwenyewe. Sasa nilitaka kukuuliza. Wakinibana nichague moja, nisimame na lipi?"

Swali lenyewe ndilo hilo, jepesi hivyo. Mchoraji alikuwa mbele yangu, akatikisa kidole. Na mimi lile tangazo la rangi bado lilikuwa limenikaa kooni.

"Yote matatu tunayaamini, kaka."

"Yote?"

"Yote."

Nikasikia akifungua mlango wa gari. "Haya. Safari hii sitawaangusha."

Nilipomweleza Mchoraji kwamba kaahidi kutotuangusha, tulicheka tena.

Machi 20

Karudi leo, suruali imelowa hadi magotini, na kwa mara ya kwanza hakuanza na mteja kasema nini. Alisema, "Nimewaambia."

Kumbe walitaka lile la familia inayotabasamu. Akawakatalia. "Nikawaambia, ndugu zangu, hizo familia zenu zimetabasamu miaka yote, nani anazikumbuka? Chukueni hili." Akachomoa mchoro kwenye mfuko wa plastiki, akauweka mezani kwetu taratibu, asije akaulowesha. Mama mkwe akatuchungulia kwa jicho lake moja.

"Mkuu wa mauzo akasema ni kali mno. Nikamwambia watu wangu wanajua wanachofanya. Likiharibika nishikeni mimi." Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi mbio. "Unajua, niliwasikia siku ile mkicheka, na jicho la huyu mama nikaliona kabla karatasi haijageuzwa. Tangu nije hapa sijawahi kuwasikia mkiifurahia kazi namna ile. Nikajua hili ndilo lenu."

Mchoraji alisema hongera. Nami nikasema hongera. Mkono wake ulikuwa wa baridi kwa mvua.

Watu wangu, alisema. Sisi.

Machi 21

Mama Mkurugenzi kaleta keki. Kamsifu Mteja Kasema mbele ya ofisi nzima kwa kusimama kiume, na sisi katusifu kwa ujasiri. Keki sikuimaliza.

Tulijifungia na Mchoraji. Nikamwambia lazima tuseme leo, kabla mteja hajaanza kutangaza. Akaniuliza tumwambie nani. "Tukimwambia Mama, tumefukuzwa. Tukimwambia mteja, huyu kaka ataonekana mjinga aliyetetea mzaha kwa jasho lake. Tutakuwa tumemsaidia nani?" Kisha akaongeza, sauti imeshuka, "Na huwezi kujua. Sisi wenyewe tulicheka."

Nilitaka kuamini, nikaamini.

Machi 28

Mvua. Nimeandika maneno ya redio. Mabaya, lakini yanacheza vizuri mdomoni, na hilo linanitia hofu zaidi.

Aprili 3

Leo tumepiga picha. Tumemkodi mama mmoja mtu mzima, mpole, aliyewahi kuigiza kwenye michezo ya redio. Alipoonyeshwa mkeka akaketi bila maneno, akajilaza, akaweka kibegi kichwani. Halafu akaniita. "Mwanangu, huyu mama ninayemwigiza, kwani kakosa nini?" Mpiga picha alicheka. Mimi nilimwambia hajakosa kitu, mama, ni utani. Akasema, "Aa," na akajilaza tena.

Mkuu wa mauzo wa magodoro alikuwepo. Ni mama mnene mchangamfu, anaongea huku anakushika mkono. Kanieleza kwamba kabla ya magodoro alikuwa kampuni ya rangi, ile ile ya mwaka jana. "Yule ofisa wenu ni king'ang'anizi," akasema. "Lile tangazo lenu la rangi bosi wangu alitaka kulitupa lote. Yule kijana alikaa ofisini kwetu kutwa nzima. Chakula hakula. Tukimtoa mlango huu anarudi na mwingine. Hayo maneno mliyobakiziwa, ni yeye aliyeyatoa mdomoni mwa simba. Hakuwaambia?"

Nikasema alituambia kwamba alijaribu.

"Basi ndivyo alivyo. Hajui kujisifu."

Nilitoka nje kwenye baraza nikasimama. Mwaka mzima nimemcheka mtu huyu. Nimemwiga sauti mbele za watu, na jina lake la mzaha nimelitunga mimi mwenyewe wala si Mchoraji. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi mwiba niliudharau kila siku ya kazi, kwa mshahara.

Mteja Kasema alikuwa anamsindikiza yule mama mwigizaji garini, mwamvuli wote kampa yeye, mwenyewe analowa. Aliporudi nikamwita. "Kaka, nina neno."

"Niambie, dada."

Nikafungua mdomo. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeitwa kwa mara ya kwanza. "Nilitaka kusema asante," nikasema. "Kwa lile la rangi. Nimeambiwa leo."

Akacheka, akainamisha kichwa kama mtoto. "Mbona nilijaribu tu."

Lililobaki sikulisema. Nimekaa hapa naandika, mume wangu ananiuliza mbona sili, namwambia nimeshiba.

Aprili 9

Mvua. Mteja Kasema sasa anaingia chumbani kwetu bila kubisha hodi. Anakaa kwenye godoro la sampuli, anatueleza habari za mteja kama anasimulia nyumbani. Mchoraji hawezi kumtazama.

Aprili 22

Mabango yamepanda leo. Makubwa, njia zote kuu. Redio imeanza tangu alfajiri.

Aprili 24

Mama yangu kanipigia simu, yeye ambaye hapigi mpaka kuwe na msiba. "Mwanangu, umeona lile bango la magodoro?"

"Nimeliona, mama."

"Mama wa mtu analazwa chini kama kiroba. Hivi aliyeandika vile ana mzazi kweli? Mimi namwombea tu asije akazeeka kwa mkwe kama yule." Akakohoa. "Nyie mnaofanya matangazo mnamjua?"

Nikasema simjui.

Aprili 25

Watu wanapigia redio simu wala hazikatiki. Mwanamume mmoja kasema karudisha godoro alilonunua, kaliacha mlangoni mwa duka kwenye mvua. Wamama wa soko moja wamesimama chini ya bango na mikeka yao mabegani, hawasemi neno, wamesimama tu. Picha yao imefika kila simu mjini.

Mchana mkuu wa mauzo alipiga. Mabango yashushwe leo leo.

Aprili 26

Hayashuki. Fundi wa mabango kasema vijana wake hawapandi vyuma vyenye maji, na radi hii. Hata apewe nini. Ana haki. Mteja Kasema alizunguka naye kutwa, bango hadi bango, akimwomba. Saa hizi mama mkwe bado yuko juu ya mji mzima, kwenye mkeka wake, anachungulia.

Aprili 27

Mvua haikati.

Aprili 28

Watu wa magodoro walikuja watatu. Tulikaa chumba cha mikutano, ndoo katikati kama mgonjwa. Yule mkuu wa mauzo hakumshika mtu mkono leo. Mwenye kiwanda mwenyewe alikuja naye, mzee mkavu asiyepoteza maneno. Akauliza jambo moja tu: tangazo hili lilitoka kwa nani?

Mama Mkurugenzi alitugeukia mimi na Mchoraji. Nilikuwa nalitafuta neno la kwanza, naapa nilikuwa nalitafuta, ndipo Mteja Kasema akasema:

"Ni mimi, mzee. Wabunifu walileta matatu, yote mazuri. Nyinyi mlichagua la usalama, mimi ndiye niliyewatoa huko. Hawa hawahusiki."

Mzee akatikisa kichwa, akafunga mkoba wake. Wameondoka na kazi yao. Hata soda walizowekewa hawakuzigusa.

Na mimi nilikaa. Neno la kwanza nililipata walipokuwa wameshafika kwenye ngazi.

Aprili 30

Leo Mteja Kasema alifungasha vitu vyake. Kikombe, kamusi, mwamvuli. Alipita chumbani kwetu akatupa mkono. "Nimewaponza," akasema. "Mnisamehe." Mchoraji akatoka nje akaenda kusimama chooni, najua kwa sababu nilisikia bomba likimwagika muda mrefu bila mtu kunawa.

Alipoondoka nikaenda kwa Mama Mkurugenzi, nikamweleza yote, kafara, simu ya siku ile, keki. Alisikiliza bila kuinua macho. Nilipomaliza akasema, "Ungekuja kabla ya mabango."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa unataka nini? Nikufukuze upate usingizi? Mteja ameshakwenda, ofisa ameshakwenda. Nikikuondoa na wewe nitabaki na ndoo." Akavuta karatasi zake. "Nenda kafanye kazi."

Nikamwomba basi amrudishe. Akasema soko lote limeshajua ni yeye aliyesimama na lile bango, hakuna mteja atakayekubali kuketi naye. Maji yakimwagika hayazoleki, akasema, na akanionyesha mlango.

Mei 3

Mvua imepumzika. Wameshusha la mwisho.

Mei 11

Nimekwenda kwake leo. Mchoraji alisema atakuja, asubuhi akapiga simu kwamba kichwa kinamuuma. Sikumlazimisha.

Mlango ulifunguliwa na mama mmoja mzee, kajifunga kanga vizuri, miwani puani. "Karibu, mwanangu. Wewe ndiye wa kazini kwa mkwe wangu? Yuko ndani, pita." Nilisimama kizingitini. Ni mama mkwe wake. Anaishi nao. Miezi yote hii sikuwahi kumwuliza anaishi na nani.

Alikuwa anapiga pasi sare za shule za watoto, mkewe yuko kazini. "Dada, karibu, kaa," akasema, akanitolea rundo la nguo kwenye kiti. Yule mama akaenda kutuwekea chai.

Sikutaka kungoja chai. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba lile la tatu halikuwa letu, tulilitengeneza likataliwe, ili wachague la dakika tano.

Akaisimamisha pasi. "Likataliwe?"

"Ndiyo."

"Nilikupigia simu."

"Ndiyo, kaka."

"Nikakuuliza kabisa."

"Uliniuliza."

Akalitazama lile shati dogo mbele yake, akanyoosha kola kwa vidole. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini ili isifike jikoni. "Mimi lilinichefua. Nilipolifungua garini nilisema hapana, hili baya. Mama huyu unayemwona, chumba chetu kizuri ndiyo chumba chake. Halafu nikajisema mwenyewe: nyamaza, wewe si mbunifu. Kila mara unawakata watu kazi yao kwa uoga wako, safari hii waamini. Nikaingia mle ndani nikawaamini." Akachukua tena pasi. "Ningeogopa kama kawaida yangu, leo ningekuwa kazini."

Nikalia. Yeye hakulia. Nikasema nisamehe, kaka.

"Nimekusikia, dada."

Alisema hivyo tu, na sikuwa na uso wa kudai zaidi. Akageuza shati, akaanza mkono wa pili. Mama mkwe akaja na chai, akanimiminia mimi kwanza, akaniuliza habari za wazazi wangu kama wako salama. Nikasema wako salama. Nikainywa yote. Aliponisindikiza mlangoni akanishika mkono. "Msimtupe mwenzenu," akasema. "Anawasema vizuri sana."

Mei 15

Mchoraji kaniuliza alisema nini. Nikamweleza neno kwa neno. Tangu hapo hatujatengeneza cha kuchekesha chochote.

Juni 2

Tumepata ofisa mpya wa wateja. Ni dada mchapakazi, anaandika kila kitu, viatu vyake havina tope hata siku za mvua. Kazi ni ya matangi ya maji. Mimi na Mchoraji tulikubaliana: hakuna kafara tena. Tulitengeneza matatu ya kweli, na moja katika hayo, la pili, lilikuwa bora kuliko chochote tulichofanya mwaka huu. Nilimkalisha chini, nikamwonyesha moja moja. "Hili ndilo," nikamwambia. "Ukibanwa, simama na hili. Nakuambia wazi, sina la kuficha." Alinisikiliza kwa makini, akalipigia mstari.

Juni 5

Karudi kutoka kwa mteja. Limechukuliwa la kwanza, lile la familia inayotabasamu chini ya tangi.

Nikamwuliza la pili lilikuwaje. Akasema hakulitoa mfukoni. "Usinielewe vibaya, dada. Ulilisifia sana. Na mimi habari za ofisi hii, za aliyenitangulia na tangazo mlilotaka likataliwe, nimezisikia kabla sijaja."

Nilimwambia lilikuwa zuri kweli, kwamba safari hii nilisema ukweli mtupu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba huenda ni hivyo, lakini yeye ana watoto wa kulea.